Nilipowapa Madaktari Anwani ya Ghala

Kila mfanyabiashara wetu hapa Guangzhou ana kadi moja pochini ambayo akiipoteza, siku yake imeharibika. Ni kadi ya ghala. Upande mmoja ina alama ya mzigo wako, ile inayoandikwa kwa wino mweusi juu ya kila robota. Upande wa pili ina anwani ya ghala la wakala wako kwa Kichina, ili muuza nguo wa soko la Shahe ajue pa kupeleka ulichonunua. Mimi nimewapa wauzaji kadi hiyo kwa miaka kumi na moja, mpaka anwani yote imeniingia kichwani, wilaya, barabara, geti na namba ya mlango, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu. Nayaandika haya kwa sababu sasa nimepona, na kwa sababu kadi hiyo ilibakia kidogo tu inizike, na najua wengi wenu mnayo.

Naitwa Sauda. Mimi ni mtu wa Dar, mume wangu Hemedi yuko huko huko na duka letu la madera na nguo za watoto, na mimi ndiye ninayenunua huku. Ugonjwa wenyewe sitaueleza kitaalamu, maana hata leo siujui vizuri. Nilichoambiwa ni kwamba utumbo mpana ulifanya uvimbe, uvimbe ukaoza, ukatoboka. Nilichokijua mimi ni maumivu chini ya kitovu upande wa kushoto, yaliyoanza wiki moja kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina.

Anayeijua kazi hii anaijua wiki hiyo. Viwanda vinafunga, madereva wanarudi kwao, na kontena ambalo halijaingia bandarini Nansha litalala mwezi mzima. Nikawa nakimbia na tumbo langu. Asubuhi chai ya tangawizi, mchana vidonge vya maumivu, jioni chai tena. Wambui, Mkenya ninayepanga naye nyumba moja, yeye chumba cha pili, aliniona nimeinama kwenye sinki nikiosha kikombe kimoja kwa dakika kumi.

"Sauda, hii si gesi," akasema. "Enda uonwe na daktari kabla nipande ndege, nisikie umeenda."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kontena likishaondoka."

"Kontena ina mama wa kuililia? Wewe enda hosi, wacha ujeuri."

Nikamwambia nimekwenda. Nikamwambia na dawa nimepewa. Akapanda ndege kwenda kwao Nairobi akiwa na amani, na mimi nikabaki na uongo wangu na homa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nimeisema kwa watu wengine mara nyingi sana.

Siku ya pili ya sikukuu mji ulikuwa umekauka watu. Mtaa wetu, ambao siku zote lazima upenye kwa bega, ulikuwa na mapaka tu na karatasi nyekundu za fataki zilizolowa. Asubuhi hiyo nilijikokota mpaka zahanati ninayoijua. Shata imeshushwa, karatasi imebandikwa, wamekwenda kwao wote. Nikarudi nikishika ukuta. Adhuhuri nikaswali nimekaa. Nilipokuwa bado juu ya msala, kitu kikaachia tumboni, na maumivu yakapoa ghafla. Nikasema alhamdulillah, chai imefanya kazi. Hata nusu saa haikufika, tumbo likawa gumu kama ubao, jasho linanitoka na meno yanagongana, na nikaelewa kwamba pale nikikaa peke yangu nitakufa. Sikuogopa kwa namna niliyodhani nitaogopa. Nilikasirika. Nilijisemea, sifi mimi kwenye sakafu ya chumba cha kupanga, na simu ninayo mkononi.

Nikapiga namba ya gari la wagonjwa, ile ya tarakimu tatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu nifike nchi hii.

Akapokea mwanamke, anaongea upesi upesi. Kichina changu ni cha sokoni. Najua kusema punguza, najua ghali mno, najua rangi hii sitaki na lete kesho bila kukosa. Nikamwambia tumbo, linauma, sana, nifanyieni haraka. Akauliza jambo ambalo nililielewa mara moja kwa sababu ndilo wanaloniuliza wauzaji wote: nipeleke wapi?

Basi nikamsomea. Wilaya, barabara, geti, namba ya mlango, bila kukwama hata neno moja. Akanirudishia yote, nikasema ndiyo, ndiyo, hapo hapo. Akaniambia nisubiri. Nilikata simu nikijisifu moyoni kwamba Kichina changu, kumbe, kinafaa.

Nikasubiri sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango ili wakigonga niwasikie. Nilihesabu madirisha ya jengo la mbele, nikamaliza, nikaanza tena. Nilimwomba Mungu. Nikamwomba na dereva. Kisha simu ikalia, mwanamume, amekasirika.

"Meiyou ren!" anapiga kelele. Hakuna mtu! "Laoban, meiyou ren!" Bosi, hakuna mtu!

Nikamwambia nipo. Akasema geti limefungwa, hakuna mtu. Nikamwambia nipo, piga hodi. Na nyuma ya sauti yake nikasikia mbwa anabweka, mbweko mkavu unaoishia na kikohozi. Mbwa yule nilimjua. Nimemrushia mifupa ya kuku miaka mitano. Ni mbwa wa ghala.

Nitasema ukweli, nililia hapo, kwa uchungu wa ujinga wangu zaidi kuliko wa tumbo. Nilikuwa nimeliita gari la wagonjwa kwenye marobota yangu. Na kilichonitia hofu zaidi ni kwamba sikuwa na anwani nyingine ya kumpa. Kwangu napajua kwa miguu: unatoka kituo cha treni, unalipita duka la tambi, unakata kona kwa kinyozi. Jina la mtaa kwa Kichina sijui, namba ya jengo sijui. Mizigo yangu yote huenda ghalani, basi nyumbani kwangu hapajawahi kuletwa kitu, na sikuwahi kuulizwa.

Nikamwambia dereva, "Subiri! Usikate!" na nikaanza kufikiri. Karatasi ya polisi. Kila mgeni akihamia mahali hapa sharti akajiandikishe, anapewa karatasi yenye anwani anayolala. Yangu ilikuwa ndani ya bahasha ya pasipoti, chini ya godoro. Niliitoa, nikaiangalia, na haikunisaidia kitu, maana yote ni Kichina cha kuandika na mimi Kichina cha macho sina.

Chini, mlangoni mwa jengo, kuna kibanda cha mlinzi. Mlinzi wetu ni mzee Liang, na mimi naye tulikuwa hatusemezani. Mwaka uliotangulia niliweka marobota matatu kwenye ukumbi wa chini kwa siku moja tu, akayatoa nje, mvua ikayapiga. Kila nilichomwomba tangu nihamie jibu lake lilikuwa bu xing, haiwezekani, mpaka mimi na Wambui tukawa tunamwita hivyo hivyo, Bwana Bu Xing. Ndiye peke yake aliyebaki kwenye jengo zima.

Nakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, karatasi nimeiuma kwa meno, simu iko kifuani ndani ya dera na yule dereva anaita "Wei? Wei?" Kila ngazi niliisemea bismillahi. Ghorofa ya pili nilitapika. Nilipofika chini mzee Liang alikuwa anamenya chungwa mbele ya televisheni, amevaa kandambili na soksi.

Aliniangalia. Nilimpa karatasi na simu.

Alikisoma kile kikaratasi kwa sauti ya mtu anayetangaza msibani, mara mbili, kisha akamgombeza dereva kwa Kikantoni maneno ambayo sitaki kuyajua. Akavua koti lake akanifunika. Halafu akatoka mbio na mwavuli mwekundu, kwa sababu kichochoro chetu gari haliingii, akaenda kusimama katikati ya barabara kubwa. Mvua haikuwepo. Nilikuwa namwona kwa mbali kupitia mlangoni, mzee wa watu, anaupunga mwavuli kama anafukuza ndege shambani. Walipokuja na machela alipanda nao garini, na kandambili zake, kibanda akakiacha wazi. Hakuna aliyemwambia apande.

Chumba cha kungojea cha dharura siku ile kilijaa. Nilidhani sikukuu watu wote wako kwao, kumbe wagonjwa hawana kwao. Palikuwa na baba aliyeungua vidole kwa fataki, na mama mmoja aliyekwamwa na mwiba wa samaki, mdomo wazi, na wote walitugeukia sisi, Mwafrika mwenye dera juu ya machela na mzee wa kandambili na mwavuli mwekundu. Daktari akauliza maswali, mzee akanigeukia, mimi nikamgeukia mzee. Nikampigia Wambui, ambaye Kichina chake si cha sokoni kama changu. Kwao ilikuwa saa nne asubuhi.

"Wambui, nilikudanganya."

"Najua. Sauti yako yote ni uongo tangu wiki iliyopita. Weka spika. Nipe daktari."

Alitafsiri saa nzima akiwa jikoni kwao, nasikia sufuria nyuma. Akaniambia lazima wanipasue sasa hivi. Akaniambia kuna uwezekano nikiamka nitakuwa na mfuko tumboni. Nikamuuliza mfuko gani. Akasema, "Wa choo, mum. Lakini ni wa muda. Sema ndiyo. Sema ndiyo saa hii, tulie baadaye." Nikasema ndiyo.

Niliamka nao. Kwa siku tatu sikuutazama. Wauguzi wakiinua shuka, mimi natazama dari. Siku ya nne muuguzi mmoja, binti mdogo mwenye miwani, alikuja na simu inayotafsiri, akaandika, akanionyesha. Kiswahili cha ile simu kilikuwa cha kuchekesha, lakini amri zilieleweka: Kula. Tembea. Tazama. Akanishika kidevu akanishusha uso. Nikaona kipande cha utumbo wangu mwenyewe, chekundu, kimechungulia nje, kinatikisika chenyewe. Nilidhani nitazimia. Nilichosikia badala yake ni huruma, kama unavyomhurumia mtoto aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Wakaniletea uji wa mchele usio chumvi wala sukari. Mgonjwa haulizwi uji, nikanywa. Siku ya tano nilitembea mpaka mwisho wa korido. Siku ya sita nilirudi kwa miguu yangu bila kushika mtu. Tangu hapo nilijiwekea sharti: kila siku hatua zizidi za jana, hata kama ni moja. Mambo ya malipo sitayaeleza, kila mtu ana njia yake. Jumuiya yetu ilinibeba, na waliochanga wanajijua.

Kurudi nyumbani ndipo kazi ilipoanza. Yalikuja majira yale ya unyevu, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki wiki nzima, na plasta ya mfuko haishiki kwenye ngozi. Iliachia sokoni, iliachia kwenye treni. Nilijifunza kubeba dera la pili na taulo. Nilijifunza kutokula vitunguu kabla ya kukutana na watu. Mlipozungumza nami nikaweka mkono tumboni, msidhani nilijivuna, nilikuwa nauzuia mfuko usipige kelele. Nilikonda mpaka pete ikawa inanitoka, nikaifunga uzi.

Ramadhani ikaingia, sikufunga. Nilichoogopa zaidi ni sala. Nitasimamaje mbele ya Mungu na uchafu umening'inia? Nilimuuliza kwa simu ustadhi aliyenisomesha utotoni. Alicheka kwa upole, akasema mwenye udhuru anajisafisha awezavyo, anatia udhu kila kipindi, anaswali. "Hukujitakia," akasema. Nililia nikaenda kutia udhu.

Hemedi je? Hemedi nilimwambia nimetolewa uvimbe mdogo. Ndivyo nilivyomwambia, miezi miwili. Simu za video nilishikilia karibu aone uso tu. Mpaka usiku mmoja wa kumi la mwisho, tunazungumza habari za nguo za Idi, mfuko ukanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka.

"Nini hicho?"

"Tumbo."

"Sauda. Nini hicho?"

Nikashusha simu nikamwonyesha. Sikujua nitafanya hivyo mpaka nilipokuwa nimeshafanya. Aliangalia. Kisha akauliza polepole ilikuwaje, nikamweleza yote, ghala, mbwa, ngazi, mzee Liang. Nilidhani atacheka habari ya mbwa. Hakucheka.

"Mlinzi anajua," akasema. "Wambui anajua. Wachina wa hospitali nzima wanajua. Mimi mumeo ndiye wa kudanganywa?"

"Ungefanya nini ukiwa huko? Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Ningejua," akasema. "Ningekaa nikajua." Akakata.

Hakupiga siku tatu. Siku hizo tatu nilizichukia kuliko kisu. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na mimi, maana alikuwa na haki. Siku ya nne ukaja ujumbe wa sauti. Alitaka nirudi Dar. Akasema daktari wa kulifunga tundu la tumboni yupo Muhimbili pia. Nikamjibu kwamba aliyenifungua ndiye atakayenifunga, na kwamba nikiondoka na mfuko nitakuwa nimekimbia. Tukagombana kwa ujumbe wa sauti, yeye akitoka tarawehe, mimi nikibadilisha plasta. Mwisho akasema neno hili.

"Miaka kumi na moja nina mke Guangzhou. Watu wakiniuliza anakaa wapi, natoa kadi ya ghala. Nitumie unapolala."

Nikashuka kwa mzee Liang na kalamu. Sikuhitaji kumweleza sana. Aliandika anwani yetu kwa herufi kubwa kubwa, akaisoma, akanitaka niirudie. Nilikosea, akasema bu xing. Nikakosea tena, bu xing. Alinishikilia pale kibandani mpaka nikaijua kama ninavyoijua ya ghala. Nikaipiga picha karatasi ile nikamtumia Hemedi.

Wewe unayesoma haya, fanya hivyo leo. Mwombe jirani, mlinzi, mwenye duka, yeyote anayeandika, akuandikie unapolala. Iweke nyuma ya kadi ya ghala. Ijue kwa kichwa, kwa sababu maumivu yakikufika utasoma kile ulichokizoea. Na ukiumwa na uongo ukakujia mdomoni, kwamba umeshaonwa, kwamba ni gesi, uuteme chini uende. Na kama umeshapewa mfuko, tazama siku ya kwanza, usingoje ya nne kama mimi. Unaishi nao. Mimi niliuza, nikasafiri mpaka Nansha kusimamia kontena, nikacheka, nao upo.

Yakaja majira ya matunda ya lichi, sikuthubutu kula. Likaja joto, nikatembea asubuhi kabla jua halijakuwa kali, kutoka kichochoroni mpaka mtoni, nikirudi mzee Liang anahesabu kwa vidole na kunionyesha. Mwisho wa kiangazi daktari akasema mwili umekuwa tayari kufungwa tundu. Wakanipangia siku, wiki moja kabla ya sikukuu ya Wachina ya mwezi mpevu, mji umejaa makopo ya keki zake. Mara hii sikwenda kwa machela. Wambui alibeba begi, mimi nikatembea.

Asubuhi ile tunashuka ngazi, tukasikia mzee Liang anaita kutoka chini, anaita jina langu kwa namna yake, "Sa-u-da! Sa-u-da!" na anacheka peke yake. Ameshika kifurushi cha posta kimefungwa kwa utepe wa gundi mpaka kimekuwa duara. Stempu za nyumbani. Anwani imeandikwa kwa Kichina, kwa kalamu ya wino mzito wa kuandikia marobota. Herufi zimepinda, nyingine kubwa nyingine ndogo, moja imefutwa ikaandikwa upya juu yake, mkono wa mtu ambaye hajui anachokiandika na amekazana asikosee. Mzee Liang alipitisha kidole juu yake, herufi moja moja, mpaka namba ya chumba, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Ndani mlikuwa na dera jipya, pana, la pamba laini, ambalo halibani tumboni. Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi nikalivaa juu ya lile nililokuwa nalo, Wambui ananiambia tutachelewa. Nimetuma makontena kutoka mji huu mpaka nimepoteza hesabu. Hicho ndicho kitu cha kwanza kuletwa kwangu.